Valentini Mfano, Mgonjwa wa Nandulo

Nandulo, 10 Machi 2025

Binamu yangu Anthony,

Hujambo, mtu wa mjini uliyesahau njia ya milimani? Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini sauti ya kuwagombeza mabata bado anayo, kwa hiyo sina wasiwasi. Mjomba Rafaeli mpe shikamoo yangu nzima, usiipunguze njiani. Mihogo imekubali mwaka huu. Barabara ya kutoka Kipatimu haijakubali kitu.

Utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwa binamu mwenye simu. Nimeapa kwamba nikishamwona mgonjwa wa mwisho wa siku, sigusi tena kioo cha aina yoyote mpaka kesho yake. Nurdin, dereva wa gari la chanjo, amekubali kuwa posta yetu. Nawe jibu kwa mkono. Ukinitumia ujumbe wa simu sitausoma.

Sasa jambo lenyewe. Mradi wenu (nasema wenu, maana ndiko unakopata ugali) umetuletea vishikwambi hapa kituo cha afya, ili kila mgonjwa aandikwe humo badala ya kwenye daftari. Mafunzo tulipewa siku ya wapendanao. Mkufunzi alipoondoka alituachia mgonjwa wa kujifunzia, jina Valentini Mfano, mwanamume wa makamo, mkazi wa Nandulo, hana ugonjwa. Huyo ndiye mgonjwa pekee niliyewahi kumwandika bila kutoka jasho. Waliobaki wote wana miili, na mfumo hauna habari na miili. Una sehemu nyekundu ambazo zisipojazwa hauendi mbele.

Juzi alikuja Mzee Abdulrahmani, mguu unamwasha. Nikafika kwenye sehemu nyekundu.

"Mzee, barua pepe yako?"

"Barua gani?"

"Pepe."

Akafikiri. "Pepo sina, mwanangu. Labda umuulize mke wangu mdogo."

Nilipomaliza kumwandika alishukuru, akasimama, akatoka. Ilibidi nimkimbilie mlangoni, kwa sababu mguu wenyewe nilikuwa bado sijauona.

Ninalokuomba ni dogo. Nitafutie jina la mtu aliyeamua kwamba swali la barua pepe ni la lazima. Simtakii mabaya. Nataka nimwombee kwa jina.

Mtani wako usiyemweza,
Dativa

*

Mitwero, Lindi, 2 Aprili 2025

Kwa Dativa, tabibu mwenye hasira,

Barua imefika, ina alama ya kiatu cha Nurdin lakini inasomeka. Nafurahi kusikia shangazi Stefania anagomba; siku akinyamaza ndiyo mniite. Baba mzima, anasema marahaba. Ila amefanya jambo ambalo hatulielewi. Amejiunga na kwaya ya parokia. Unajua sauti ya baba. Jirani alikuja kuuliza kama tuna mtu anaumwa.

Kuhusu aliyeweka swali la barua pepe: mambo hayo hupita kwenye kamati, na kamati ni kitu kikubwa, haina sura. Lindi siku hizi kuna joto sana.

Naomba nikuambie la muhimu. Hapa ofisini kuna ubao wenye majina ya vituo vyote vya mradi. Kinachojaza kila kitu ni kijani, kinachochechemea ni njano, na nyekundu ni Nandulo. Mkuu wetu, Mama Joyce, kila asubuhi hupita na kikombe chake cha chai, anasimama mbele ya ubao, anagonga jina la kituo chako kwa ukucha. Anagonga tu. Mimi kiti changu kiko hapo hapo chini ya ukucha, na anajua tumezaliwa ukoo mmoja.

Jaza, Dativa. Hata ile sehemu ya mwisho, "Maelezo ya tabibu". Mfumo hausomi maneno yaliyomo, unaangalia tu kama maneno yapo. Sijakuambia hivyo.

Wako chini ya ukucha,
Anthony

*

Nandulo, 29 Aprili 2025

Anthony,

Pokea salamu zenye matope. Mvua imekula kipande cha barabara, na Nurdin alilala kwetu akila mayai ya bata mpaka mama akaanza kumhesabu kama mtoto wa nyumbani. Kikohozi cha mama kimepungua. Mwambie mjomba tumefurahi kusikia anamwimbia Mungu, na Mungu ni mvumilivu.

Nimefuata ushauri wako, ule ambao hukunipa. Bila shaka umeona Nandulo sasa ni kijani kama kisamvu. Wagonjwa wangu nawaandika vilevile nilivyokuwa nawaandika, maneno machache ya kweli. Lakini lazima niseme na mtu, na huku hakuna mtandao wa kusemea. Kwa hiyo nasema na Valentini Mfano. Kila siku foleni ikipungua namfungulia ukurasa. Nakunakilia ya wiki jana, maana kwa maneno yako hakuna anayesoma:

"Malalamiko: Mgonjwa anadai kila akija, tabibu anatazama kioo, hamtazami yeye.
Uchunguzi: Ni kweli.
Matibabu: Asubiri mtandao mara tatu kwa siku, baada ya chakula."

Na ya Jumatano:

"Malalamiko: Kichwa kinamuuma tangu alipoulizwa mara ya nne jina la mtaa, na kijiji hakina mitaa.
Matibabu: Amepewa mtaa. Unaitwa Mtaa wa Valentini."

Tangu nianze kumtibu huyu bwana nalala vizuri. Nadhani naye anaendelea kunizoea.

Bado nasubiri lile jina.

Dativa

*

Mitwero, 13 Mei 2025

Dativa,

Huku tu wazima, naandika haraka Nurdin asiondoke. Baba amenunua manukato. Hatumuulizi.

Nimemsoma Valentini, kurasa zote, tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakunywa chai na ikatokea puani, nikamwambia Mama Joyce nina mafua. Akanipa limau.

Sasa acha kucheka unisikilize. Mfumo hujitolea wenyewe orodha ya wagonjwa wanaohudhuria kupita kiasi. Wa kwanza, katika vituo vyote vya mradi, ni Valentini Mfano wa Nandulo. Mama Joyce hajafungua maelezo yake, ameona jina na mahudhurio tu, na jana kwenye kikao alisema hivi: "Huyu mwanamume ana nini hata haponi? Na huyu tabibu ana moyo gani, kumwandika kila siku bila kuchoka?" Watu wakapiga makofi. Nilipiga pia, ningefanyaje?

Amesema mwezi ujao atakuja mwenyewe Nandulo kuona kituo cha mfano. Alitumia neno hilo hilo, mfano, na mimi nikainamia viatu vyangu.

Mfute. Leo.

Anthony

*

Nandulo, 2 Juni 2025

Anthony mpenzi wa kamati,

Sote wazima, na mama anakusalimu. Anauliza manukato ya kaka yake ni ya aina gani, maana marehemu mkewe alimwogesha kwa shida. Mjibu shangazi yako, asipate presha.

Kumfuta Valentini hakuwezekani. Nimejaribu. Mfumo unasema mgonjwa hafutwi, hufungwa, na milango ya kumfungia ni mitatu. Mlango wa kwanza ni kupona: unadai majibu ya maabara yenye jina la mpimaji, na sitaki kumtia mwenzangu kwenye dhambi zangu. Wa pili ni kufa. Nilijaribu kumuua, binamu, sikufichi. Nikajaza chanzo cha kifo, nikaandika uchovu. Nilipofika kwenye saa ya kifo mkono ukagoma. Nimemtibu muda mrefu huyu mtu.

Ukabaki mlango wa tatu, rufaa. Kwa hiyo nimempa rufaa kwenda hospitali huko kwenu Lindi, na safari yake imeanza salama. Sehemu ya ndugu wa karibu ni nyekundu, hairukwi. Nikaona anafaa mtu anayeishi mjini, mwenye simu inayopatikana. Nimeandika wewe.

Mpokee vizuri. Hapendi kuulizwa mtaa.

Dativa

*

Mitwero, 16 Juni 2025

Wewe Dativa,

Salamu utazipata kwa wengine. Baba mzima, anaimba.

Hospitali walinipigia simu nikiwa kikaoni. "Ndugu yako Valentini hajafika, kitanda kipo." Nikasema yuko njiani. Kesho yake wakapiga tena, na safari hii Mama Joyce alikuwa karibu. "Anthony, una mgonjwa hospitali?" Nikasema ndiyo. Hadi mchana ofisi nzima ilikuwa imejua. Wenzangu wamenipa pole, wameleta machungwa na biskuti nimpelekee. Mmoja alinishika bega akasema hata kaka yake alianza hivyo hivyo. Machungwa nimeyala peke yangu, kwa majonzi ya kweli.

Siku ya tatu nikawaambia hospitali kwamba mgonjwa alibadili mawazo njiani, ameshuka, amerudi kwao. Wakaandika. Kwa hiyo ukifungua kishikwambi chako utamkuta, amerudishwa Nandulo kwa ufuatiliaji wa karibu.

Mama Joyce anakuja mwisho wa mwezi huu. Anataka kukaa kando yako akuone unavyoandika. Zamani alikuwa mkunga, haongei sana, na hapendi kusifiwa usoni. Usimfanyie utani, tafadhali. Mimi nitabaki hapa nikiomba.

Anthony

*

Nandulo, 7 Julai 2025

Anthony,

Ziara imefanyika. Wageni walifika salama na waliondoka.

Mama mzima. Mabata wazima.

Sina la kuongeza kwa sasa.

Dativa

*

Mitwero, 20 Julai 2025

Binamu,

U mzima kweli? Barua yako niliigeuza nyuma kutafuta utani, sikuukuta. Baba naye ameisoma, akavua miwani, akasema mtoto huyu kuna jambo. Anakutumia salamu bila kungoja shikamoo yako. Unajua kwamba hilo si kawaida yake.

Mama Joyce alirudi siku moja baadaye kuliko alivyosema. Gari lilikuwa na harufu, dereva aliliosha na kurudia. Tangu hapo hasimami mbele ya ubao. Anaingia, anafunga mlango. Ameniomba nimtolee kwenye karatasi kila swali linaloulizwa na mfumo wetu, na nilipompelekea rundo aliliweka magotini kama mtoto wa watu, akauliza, "Yote haya?" Anakaa nalo na kalamu nyekundu. Nilipomuuliza ziara ilikuwaje, alisema, "Muulize dada yako."

Nakuuliza. Kama ni Valentini, niambie nijiandae kutafuta kazi nyingine. Kama ni jambo jingine, niambie pia. Ukiona huwezi, niandikie hata habari za mabata.

Anthony

*

Nandulo, 15 Agosti 2025

Binamu yangu Anthony,

Salamu zako na za mjomba zilinifikia na zilinisaidia. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikikaa kuandika nilikuwa naanza na mabata, na nikifika kwenye siku ile kalamu inakauka. Leo naanza na siku ile.

Asubuhi kulikuwa na wagonjwa wengi. Mama Joyce alivuta kiti akakaa ubavuni kwangu, akasema, "Endelea kama kawaida." Nikaendelea kama kawaida. Hilo ndilo linaloniumiza, kwamba ilikuwa kawaida.

Akaingia Mwanasha, binti mwenye mimba ya kwanza, ya miezi minane. Alisindikizwa na mama mkwe wake, Bi Hafsa, yule anayeuza vitumbua karibu na mashine ya kusaga. Mwanasha akakaa, akasema kichwa kinamuuma. Nikaanza kumwandika. Nilikuwa nataka mgeni aone mikono yangu ilivyo myepesi. Jina, umri, kijiji, mtaa. Bi Hafsa akasema, "Tangu alfajiri anasema anaona vimulimuli." Nikamjibu, "Subiri kidogo mama, namalizia hapa." Hakukuwa na sehemu ya kuandika maneno ya aliyesindikiza. Nikafika kwenye barua pepe na mtandao ukasita. Mama Joyce akainama kuangalia, akauliza, "Imegoma hiyo?" Bi Hafsa akasema mara ya pili, "Vimulimuli, tabibu." Tukawa wanawake wawili tuliosomea kutazama watu, wote tumetazama kioo.

Nikasikia kiti kinaburuzika. Nilipogeuka, Mwanasha alikuwa sakafuni, macho yamepanda juu, mwili mzima unakakamaa na kutetemeka. Kifafa cha mimba. Unajua kinavyoua.

Baada ya hapo sikumbuki kishikwambi kilikwenda wapi. Nilimlaza kwa ubavu. Muuguzi akaleta magnesiamu, sindano ya kuzuia kifafa. Nilipopima presha sikutaka kuamini. Mama Joyce alikuwa amepiga magoti chini, ameshika kichwa cha yule binti kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji, na Mwanasha akamtapikia sketi nzima, hakusogea. Alisema neno moja tu, kwa dereva wake: "Washa." Kwa sababu gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kijiji cha mbali, tukampakia kwenye gari la mradi. Mimi nilishika dripu, Mama Joyce kichwa, Bi Hafsa miguu. Ile barabara naijua kila shimo, na siku ile kila shimo lilikuwa na meno.

Hospitali wakampasua. Mtoto wa kike, mdogo, analia vizuri. Mama yake alikaa siku mbili hajui yuko wapi. Siku ya tatu akaomba uji, akalalamika hauna sukari. Wako hai wote wawili, Anthony. Nilipaswa kuanza na hilo.

Tulipokuwa tunasubiri kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, Mama Joyce akaniuliza, "Lile swali la barua pepe linatusaidia nini?"

Nikamwambia, "Nilidhani nyinyi mnajua."

"Mimi silijui. Lilipendekezwa na kijana wetu Anthony. Alisema litakuja kufaa baadaye."

Kumbe kamati ina sura, na sura yenyewe naifahamu tangu inanyonya kidole.

Halafu akachukua kishikwambi, nadhani apate pa kuweka mikono. Dereva ndiye alikuwa amekiokota. Akafungua wagonjwa wa Nandulo, akamkuta Valentini. Nilimwona anasoma na sikuwa na nguvu ya kumzuia. Alicheka peke yake, kwa sauti ndogo. Akasoma tena. Alipofika kwenye ule mstari wa "Ni kweli" akaacha kucheka. Akakizima, akaniuliza, "Huyu amepona?"

Nikasema, "Bado."

Akasema, "Basi tusimfunge kwanza."

Sikukasirikii sana. Kidogo tu, siku za kazi.

Dativa

*

Mitwero, 1 Septemba 2025

Dativa, binti wa shangazi,

Barua yako nimeisoma nje, nikarudi ndani nikaisoma tena. Namshukuru Mungu kwa Mwanasha na mtoto wake. Nimemwambia baba, naye akaenda kanisani siku isiyo ya mazoezi.

Kuhusu swali la barua pepe: Lindi bado kuna joto sana.

Nina habari, na naona aibu kukuandikia maana najua utakavyocheka. Mama Joyce ametoa amri. Kila mmoja wetu wa ofisini atakwenda kukaa kwenye kituo cha afya mpaka mwisho wa Novemba, aandike wagonjwa kwa mkono wake mwenyewe, kwenye mfumo huu huu. Wengine wamepata vituo vya pwani, mmoja amepata Pande na anasherehekea samaki. Mimi nimeitwa ofisini. Akaniambia, "Anthony, wewe una ndugu Nandulo, hutapata shida ya malazi." Alikuwa anatabasamu, Dativa. Sijawahi kuona meno yake.

Na wewe unaitwa Lindi kwa muda huo huo. Kuna kamati ya kupunguza maswali na anataka awemo mtu aliyeyabeba. Tabibu Deo, kijana aliyemaliza masomo hivi karibuni, atashika chumba chako, na mimi nitakaa ubavuni kwake na kishikwambi. Chumba changu ni chako. Mlango unagoma, uunyanyue kidogo.

Mwambie shangazi mimi mabata siwezi kula. Nawaogopa wakiwa hai.

Anthony

*

Mitwero, 12 Oktoba 2025

Karani wa Nandulo,

Mzima? Nasikia kutoka kwa Nurdin kwamba umekonda na kwamba mama anakulaza mapema. Mtii. Mimi huku nimenona. Mjomba mzima kupita kiasi, na siri yake nimeigundua Jumapili ya kwanza. Sauti ya kwanza ya kwaya ina mjane mmoja anaitwa Mama Angela, mpole, ana macho ya kucheka. Mjomba husimama nyuma yake na hatoi sauti hata kidogo. Anafungua mdomo tu. Sauti yote anaitolea nyumbani, na ndiyo maana jirani alidhani mtu anaumwa.

Kamati ni chumba chenye feni moja na watu kumi wanaoipigania. Siku ya kwanza Mama Joyce hakutoa hotuba. Alisimama akasoma maelezo ya Valentini Mfano, kwa ile sauti yake kavu, bila kutabasamu. Watu walicheka mpaka machozi. Alipofika "Ni kweli" hakuna aliyecheka. Kisha akamfunga. Kwenye sababu akaandika kwamba mgonjwa amesikilizwa. Mfumo ulikataa, hauna chaguo hilo, ikabidi fundi aliongeze pale pale.

Barua pepe ilikuwa ya kwanza kufa. Nilipiga kura kwa mikono miwili, wakaniambia niteremshe mmoja. Mtaa ukafuata. Lakini kazi si nyepesi kama nilivyodhani nikiwa huko. Nimegundua kila swali lina mama yake. Ukiligusa, anainuka mtu pembeni, uso umembadilika, anaeleza lilivyozaliwa na siku gani litaokoa nani. Na wengine, binamu, wana sababu. Sikutaka kulijua hilo.

Mengine nitakueleza tukionana.

Dativa

*

Nandulo, 6 Novemba 2025

Dativa,

Pokea salamu za watu wote wa kituoni, na za shangazi, ambaye siku hizi ananiita karani hata mbele ya wageni. Mabata wameniuma mara moja tu, na mmoja tumesuluhishana. Mwanasha alipita kwa chanjo ya mtoto. Mtoto ana mashavu. Bi Hafsa alinipa vitumbua akasema, "Wewe ndiye wa barua pepe?" Sijui nani amemwambia. Nilikula huku nimeinama.

Sitaki kukueleza nimejifunza nini huku, maana utaitunza barua hii unisomee kwenye harusi yangu. Naomba ujue tu kwamba wiki ya kwanza nilimwandika mtu mwenye kikohozi mpaka akapona akiwa kwenye kiti.

Mfumo mpya umefika Jumatatu. Mfupi, mwepesi. Deo alipouona alisimama akazunguka meza. Tulikwenda vizuri mpaka mwisho wa ukurasa wa mgonjwa wa kwanza, kikatokea kitu chekundu ambacho hakikuwepo zamani. Kimeandikwa: "Aliyemsindikiza mgonjwa anasemaje?" Ni cha lazima. Hakirukwi.

Nilimtambua mama yake kabla sijafika kwenye alama ya kuuliza. Ulipelekwa Lindi kupunguza maswali, Dativa. Umekwenda umezaa. Nikachukua karatasi hapo hapo nikuandikie maneno ambayo binamu hapaswi kumwandikia binamu.

Lakini mgonjwa alikuwa mbele yangu, mtu mzima, mkulima, mwiba mkubwa wa mkonge umeingia kwenye unyayo. Deo alikuwa ameshika mguu. Mimi nikamuuliza kwa ajili ya kile chekundu, "Umesindikizwa na nani?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Kwa mguu huo?"

"Ndiyo."

"Nyumbani hakuna mtu?"

Niliinua macho, nikidhani hakusikia. Alikuwa anatazama dirisha. Akasema, "Alikuwepo." Deo akaacha koleo. Ikawa ni habari ya mdogo wake, walilima shamba moja na kula sahani moja tangu ujana wao, amezikwa baada ya Ramadhani. Mwiba ulikuwa na siku nyingi mguuni. Alisema zamani wakichomwa, mmoja alikuwa anamtolea mwenzake.

Hatukumharakisha. Foleni nje ilianza kututukana kidogo kidogo, kwa adabu, kama mnavyotukana milimani. Deo aliutoa mwiba, akafunga mguu, yule bwana akatafuta fimbo yake. Tukatoka naye, mimi na Deo, mmoja huku mmoja huku.

Tuliporudi, kile chekundu kilikuwa bado kinanisubiri. Nikaandika: "Hakuja na mtu. Tumemsindikiza sisi mpaka njia panda." Kikakubali.

Swali lako libaki. Lakini usizae jingine.

Anthony